Simbamarara Mwenye Maumivu ya Meno

Kila asubuhi Mzee Kuang alimharibu simbamarara makusudi.

Katika mazoezi ya kuiga wanyama watano, korongo wake alikuwa safi, dubu wake ndiyo usiseme. Lakini mazoezi yakifika kwenye simbamarara, pale bustanini Bozhou, China, makucha yake yalilegea kama mboga iliyochemka, na mruko wake haukumtisha hata njiwa. Bibi Ge, aliyewaongoza, alishachoka kumrekebisha.

"Kaka Kuang, simbamarara wako anaumwa meno?" Yunfen alimtania.

"Afadhali wangu. Tumbili wako anarusha mateke."

Yunfen alicheka hadi akashika mbavu, na Kuang, mgane wa watu, akayeyuka. Alimpenda mwanamke huyu, basi, hakuwa na ujanja.

Tatizo lilikuwa Bibi Ge. Yeye ndiye mshenga wa bustani nzima, na hapeleki posa ya mtu kabla ya kumuuliza amezaliwa mwaka wa mnyama gani, maana kwa Wachina kila mwaka una mnyama wake. Yunfen alishasema yake: tumbili. Na kwa Bibi Ge, simbamarara na tumbili hawakai nyumba moja, watararuana tu. Simbamarara atafute farasi, anayemtangulia tumbili kwa miaka miwili; hao ndio wanaoivana. Kwa hiyo Kuang alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho kwamba yeye ni wa mwaka wa joka. Tangu hapo akawa anamwogopa simbamarara hata kwenye mazoezi, utadhani atamchongea.

Jana posa ilikubaliwa. Leo hakuweza tena kuubeba uongo ule.

Zamu ya simbamarara ilipofika, Kuang alivuta pumzi, akakunja makucha, akaruka. Mruko wenyewe hasa, na ngurumo juu yake. Watu wakaacha mazoezi wakamtazama. Bibi Ge akaangusha chupa yake ya chai.

"Joka gani huyu?" akauliza.

"Mimi ni wa mwaka wa simbamarara," Kuang akasema, macho chini. "Dada Yunfen, nisamehe. Niliogopa kukukosa. Ukivunja posa, sitakulaumu."

Yunfen alikuwa ameiva uso mpaka masikioni. Akamshika mkono, akamvuta kando, mbali na Bibi Ge.

"Tangu mume wangu afariki najipunguzia miaka miwili," akanong'ona. "Kaka, umeona wapi tumbili wa kurusha mateke? Mimi ni farasi."