Ngiri Achagua Kinga ya Meno

Palikuwa na Ngiri aliyesaga meno usingizini kama anayesaga mahindi, na mkewe alikuwa hajapata usingizi wiki nzima. Akamburuta hadi kwa Nungunungu, fundi wa kinga za meno zinazovaliwa mdomoni usiku.

"Unasaga tu, au na pumzi hukatika?" Nungunungu aliuliza.

Mke alitaka kujibu, Ngiri akamwahi: "Nasaga tu, bwana. Nipe kinga ile nene."

Usiku ule meno yalinyamaza. Mke akajinyoosha, lakini punde pumzi ya mumewe nayo ikanyamaza. Akageuka, akaketi, akasikiliza, mwishowe akampiga teke la mbavu. Ngiri akakurupuka akihema.

Asubuhi waliporudi kwake, Nungunungu akauliza tena: "Pumzi hukatika?"

"Muulize mke wangu," Ngiri alisema, akipapasa mbavu. "Mimi huwa nimelala."