Rufaa ya Nungunungu

Nungunungu alihukumiwa kifungo kwa kumuua jirani yake, Kicheche. Akakata rufaa kwa Jaji Kobe, asiyejua haraka.

"Aliingia shimoni mwangu bila kupiga hodi," alijitetea. "Nilidhani ni adui, nikajihami."

"Na akiingia jirani mwingine?" Kobe aliuliza.

"Nitamchoma vilevile, mheshimiwa. Miiba yangu haiulizi jina."

Kobe aliona hakukusudia kuua, akamwachia huru.

Nungunungu alirudi nyumbani, akafagia, akatandika nyasi mbichi, akakaa mlangoni kungoja wa kumpongeza. Hakuja yeyote. Siku ya tatu alimwona Pelele akipita ng'ambo ya kijito.

"Karibu ndani, jirani! Kwangu huna haja ya hodi."

"Ahsante," alijibu Pelele bila kusimama. "Nilikuwapo mahakamani."