Mfereji wa Nathanaeli

Sanduku la kulia lilikuwa marufuku kunyunyiziwa maji. La kushoto liliogeshwa kila asubuhi. Aliyeyatunza yote mawili, uani kwa Mdachi mmoja mpenda mimea juu ya mji wa Arusha, alikuwa Nathanaeli, na tangu apewe kazi hiyo, kijijini hakukaliki.

"Kangaga halizai kangaga," aliwatangazia majirani, waliolijua kangaga kama jani la kando ya vijito tu. "Vumbi la chini ya jani lake likianguka, huota kijani kidogo chenye umbo la moyo, kama ukucha hivi. Dume na jike wamo humo, chini ya huo moyo. Na dume hana miguu! Asipopata maji ya kuogelea, hamfikii jike ng'o!"

Kweli, miezi ilipopita, sanduku la kushoto lilichipua makangaga machanga, ncha zimejikunja kama mkia wa kinyonga. La kulia, lililopewa unyevu wa udongo tu, mioyo ilibaki mioyo. Nathanaeli alicheka hadi machozi. Majani nayo, kumbe!

Laiti angeishia kwenye majani. Alikuwa na binti, Anyesi, ambaye alishaahidi kumwoza kwa Sumari, mzee wa kanisa, mgane mwenye migomba mingi na meno machache. Anyesi hakutaka hata kumsikia. Siku moja jirani yao Resiato akamnong'oneza Nathanaeli kwamba kuna kijana anampigia binti yake mluzi kule mtoni anakoteka maji.

"Kijana gani?"

"Sura sikuiona. Mluzi niliusikia."

Baba mwingine angemuuliza binti yake. Nathanaeli, msomi wa masanduku mawili, aliona hakuna haja. Dawa ni kutenga maji. Akampiga Anyesi marufuku kukanyaga mtoni.

Anyesi alilia siku nzima. Kesho yake akajifuta macho.

"Sawa, baba. Ila Mzee Sumari akija kula, nitampikia kwa mate? Nichimbie mfereji, maji yaje hapa hapa nyumbani."

Nathanaeli nusura amkumbatie. Mtoto ameanza kupata akili! Habari zikaenea, na haikupita wiki akaja mchimbaji, Simel, kutoka upande wa Ngaramtoni, jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Malipo yako je?"

"Tutaongea maji yakifika mlangoni, mzee. Yasipofika, sikudai kitu."

Nani angekataa? Simel alivunja mawe, akauzungusha mfereji kwenye migomba, akafanya kazi kimya kimya. Mchana Nathanaeli alimtuma Anyesi ampelekee mchimbaji ndizi na maziwa, maana hakutaka ionekane ana mkono wa birika. Yeye mwenyewe, kila alipotoka kwa Mdachi, alikwenda kujibanza vichakani kule mtoni, rungu mkononi, akimvizia mhuni. Hakuja mtu. Siku nenda, siku rudi, hakuja mtu! Nathanaeli akazidi kuvimba kichwa.

Siku ya kufungulia maji aliita kijiji kizima, Sumari akakalishwa mbele. Maji yakateremka yakisukuma majani makavu, yakapita chini ya migomba, yakafika hadi mlangoni. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Mmeona?" Nathanaeli alisema, kifua mbele. "Yule mpiga mluzi sasa akawapigie vyura!"

Watu wakaangua kicheko, na Sumari akacheka kuliko wote. Nathanaeli akamgeukia mchimbaji kwa mbwembwe.

"Sema malipo yako, kijana, mbele ya watu wote hawa. Chochote kilichomo nyumba hii, sikunyimi."

Simel akalilaza jembe chini, akanawa mikono kwenye mfereji wake. Kisha akapiga mluzi, na Anyesi akatoka ndani mbio.