Masaa ya Mitunguu

"Madam, nimekuja kurudisha masaa."

Madam Nelius, anayepanga mishahara ya kampuni, aliweka kikombe cha chai chini. Watu huja kwake kulia waongezewe. Wa kurudisha hajawahi kumwona.

"Masaa gani, Kawira?"

"Ya barabara. Ya kuenda Mitunguu."

Kai! Si ni juzi tu ofisi nzima ya Nchiru ilipiga makofi, bosi alipokubali kwamba ukitumwa mashambani kupima udongo, saa za njiani ni saa za kazi? Na Kawira ndiye alipiga makofi kushinda wote.

"Kwani hamkuenda?"

"Tulienda."

"Gari iliharibika?"

"Hapana."

Kawira aliangalia viatu vyake. Akiingia, alikuwa amepishana na Muthomi, dereva wao, akitoka mlango huu huu. Kofia mkononi, macho chini, hata salamu hakuna. Muthomi, yule huimba kutoka Nchiru mpaka soko la Gakoromone bila kupumua! Basi wamemwita. Wamejua. Na makosa si yake.

"Madam, usimfute Muthomi kazi. Ni mimi humwambia aende pole."

"Pole aje?"

"Pole mpaka trekta inatupita."

Nelius alibana midomo asicheke. "Barabara ni mbaya?"

"Ni lami tupu. Na ule udongo angeweza kuchukua peke yake, ni kuchimba tu na kuweka kwa mfuko. Mimi hujipeleka. Madam, Jumapili kanisani nilishindwa hata kuimba. Mnanilipa, na njia yote hakuna kazi nafanya. Nakaa tu pale mbele nikiomba tusifike."

"Na yeye anajua?"

"Ajue nini? Yeye yuko kazini, anaendesha. Anaongea na mimi juu niko hapo. Kata zangu zote, zake ziache."

Nelius alikunywa chai polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kuficha uso.

"Siwezi kuziacha."

"Woi, madam, tafadhali..."

"Amezirudisha sasa hivi, amesimama hapo hapo umesimama. Anasema ni yeye hukataa kuongeza mwendo."