Mtoto Mwenye Afya

"Kukhu, huyu unamlisha ingokho peke yake?" muuguzi mmoja alinitania mimi nyanya mtu, na wenzake wakacheka, kana kwamba kwangu kuku huchinjwa kila siku.

Mwaka huo wa tisini na nne, mwalimu wao aliniomba nimlete mjukuu wangu Wanzala, ili wauguzi waliorudi masomoni kusomea matibabu ya watoto waone mtoto mwenye afya alivyo. Nilijivuna njia nzima kutoka Shinyalu.

Yule binti aliyenitania alikipasha kwanza kiganjani kile chuma cha kusikilizia moyo, kisimshtue mtoto kwa baridi. Nikampenda kwa hilo. Akakiweka kifuani. Akakisogeza. Akakirudisha palepale. Tabasamu likamfifia usoni.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Ngoja kidogo, Kukhu."

Akamwita mwalimu, naye akasikiliza kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Hakuna aliyecheka tena isipokuwa Wanzala, aliyekuwa akivuta saa mkononi mwa mwalimu.

"Lakini uliniambia nilete mtoto mwenye afya," nilisema. "Si ndiye huyu nimeleta?"

Mwalimu alikirudisha tena kile chuma juu ya moyo wa Wanzala.

Binti alimfunga Wanzala vifungo vya shati, kimoja kimoja, taratibu sana. Nikanyoosha mikono nimpokee.

Akamkumbatia. Hakunipa.