Umbea kwa Kiingereza

Bi Shamsa alikaa na mkoba mapajani, tayari kuondoka. Siku aliyojaribu Kiingereza darasa zima lilimcheka, naye alishaapa leo ndiyo mwisho wake kuja.

Mwalimu akaleta mchezo: mmoja aanze umbea kwa Kiingereza, aukatize, anayetaka kujua zaidi aulize kwa Kiingereza.

Kombo kinyozi, mwanafunzi mwenzake, akajikongoja kwa Kiingereza: bibi harusi wa jana alitoka dirishani, akashuka kwa ngazi. Akaukatiza hapo.

“Ngazi kashikiwa na nani?” Bi Shamsa akaropoka.

“Kiswahili sikisikii, dada yangu,” Kombo alisema, akipangusa miwani.

Bi Shamsa akasimama, akauliza kwa Kiingereza, neno baada ya neno. Hakuna aliyecheka, wote walimkodolea macho Kombo.

Mkoba ulikuwa umedondoka sakafuni, Bi Shamsa akisogeza kiti mbele.