Wafu wa Mlango wa Kwanza

Jumatatu asubuhi, ndani ya Shimo la Saba walikuwemo wachezaji watatu. Ilipogonga saa tatu walibaki wawili. Saa tatu na nusu akabaki mmoja, na huyo naye, kwa jinsi alivyoganda, alikuwa ameinuka kwenda chooni akasahau kuzima kompyuta.

"Dunia ya mchezo wetu iko wazi, dada," alisema Meneja, amesimama nyuma ya kiti cha binti aliyelichora shimo hilo. "Mchezaji ana misitu, ana bahari, ana farasi. Akiona shimo limemzidi, anageuka, anakwenda zake kuvua samaki. Sasa wewe umelifanya gumu hivi kwa nini?"

Binti alikumbuka vizuri kwa nini. Miezi mitano nyuma, mtu mwenye viatu hivihivi alisimama nyuma ya kiti hikihiki akasema, "Nataka shimo la kuwatoa watu jasho." Lakini kumbukumbu za mabosi zina maajabu yake: hushika jina la aliyetumwa, husahau sauti ya aliyetuma.

"Naweza kumpunguza nguvu Zimwi wa mlango wa kwanza," alisema.

"Usiguse hata jiwe. Ijumaa tunahesabu watu. Shimo lisilo na watu tunalifuta." Akatabasamu kama daktari wa meno. "Na mchoraji wake tunampumzisha."

Kupumzishwa. Neno tamu kweli. Baba yake naye alipumzishwa, yeye na wenzake mia sita wa kiwanda cha nguo, mchana mmoja tu, kwa karatasi iliyobandikwa getini. Mpaka leo mzee hukumbuka kwamba hata neno "pole" walilikosea herufi.

Jioni alimsimulia, akitegemea kuhurumiwa. Alijidanganya. Mzee alikuwa kitini na kikombe chake cha bati cha kiwandani, kile alichokwaruza namba yake ya kazi kwa msumari ili kisiibiwe.

"Yaani nimekusomesha ukachore mashimo," alisema. "Na shimo lenyewe halipitiki?"

"Linapitika, Baba. Likikuzidi unatoka kwanza, unajijenga huko nje, unatafuta silaha na dawa, ndipo unarudi."

"Wakitoka hawarudi. Watu nawajua mimi." Akapiga funda. "Lango likikuzidi huondoki. Mnakaa hapohapo, wewe na wenzako, kwa zamu, mpaka wenye lango waone haya."

"Huu ni mchezo, Baba, si mgomo."

"Haya, Mheshimiwa wa Mashimo. Nipishe ninywe chai."

Jumanne mzee aliondoka kabla yake, kofia kichwani, kwenda kucheza karata na wazee wenzake nyuma ya duka la kinyozi, ukuta mmoja na duka la intaneti. Mtoto anazama, baba anachanganya karata. Mtu ukipewa baba wa namna hiyo, maadui wa nini?

Kazini binti alikuta watu arobaini ndani ya Shimo la Saba.

Alidhani kompyuta imeharibika. Haikuharibika. Walikuwa arobaini kamili, wote wa daraja la kwanza, na panga la mbao analopewa kila anayeanza mchezo. Hata majina hawakujisumbua kuyatafuta. Walijiandika namba tupu. Waliingia kwa mstari, Zimwi akawaponda. Wakafufuka, wakapanga mstari, akawaponda tena. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyekwenda kutafuta hata ngao. Mmoja, aliyejiita 417, alimchapa Zimwi kwenye ukucha wa mguu, akafa, akarudi, akauchapa ukucha uleule.

Saa nne kamili wote waliacha kufa, wakasimama kimya robo saa nzima. Kisha wakaendelea kufa. Saa nane mchana wakatoka, wakaingia arobaini wengine.

"Hao ndio wapenzi wa kweli!" Meneja alishangilia Jumatano. "Mtu anapondwa mara mia na bado anarudi! Si nilisema? Huo ugumu ulikuwa wazo langu mwenyewe." Kumbukumbu ilikuwa imemrudia, ashukuriwe Mungu.

Jioni hiyo mzee alirudi nyumbani na plasta kwenye kidole.

"Karata gani hizo zinazochubua vidole, Baba?"

"Wale wanacheza kwa hasira," alisema mzee, akaomba sukari.

Alhamisi binti alishindwa kuvumilia. Kazi ni kazi, lakini kumwangalia mtu akichapa ukucha siku tatu nzima ni dhambi. Akamwandikia 417, ndani ya mchezo humohumo: "Ndugu, shimo hili limekuzidi. Toka ukajijenge nje, kisha urudi."

Jibu lilichukua dakika kumi na moja, likitokea herufi mojamoja, kama linachongwa kwa patasi.

"ASANTE. HATUTOKI."

Ijumaa saa tisa walihesabu. Shimo la Saba liliyashinda mashimo yote kwa watu, na hakuna hata mmoja aliyeuvuka mlango wa kwanza. 417 peke yake, tangu asubuhi, alikuwa amekufa mara mia moja na kumi na mbili. Meneja alipigiwa makofi na mabosi wake, akainama kwa unyenyekevu mkubwa, akamwagiza binti achore shimo jingine, gumu zaidi.

Binti alipofika nyumbani alimkuta baba yake kitini, vidole vya mkono wa kulia amevitumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto yenye chumvi.

"Shimo langu limebaki, Baba. Na mimi nimebaki."

"Shimo lipi?" aliuliza mzee. "Ahaa. Lile." Akanyoosha mkono wa kushoto wenye kikombe cha bati, binti akachukua birika akammiminia. Aliishia katikati, kama kawaida.

"Jaza mpaka ukingoni, mwanangu," alisema mzee. "Mtu aliyekufa mara mia moja na kumi na mbili tangu asubuhi hapewi nusu kikombe."